Nyeusi ya Mama Mkwe

Watu wanaokuja kwenye karakana yangu hapa Kitale hufika na ombi moja. Wananyoosha kidole kwenye picha niliyoibandika ukutani, picha ya gitaa ya kwanza niliyoipaka rangi ikatokea kama nilivyoiona kichwani, kisha wanasema, "Fundi, mimi nataka kama hii." Nawaambia siwezi. Wengine hucheka wakidhani najipandisha bei. Mmoja aliniambia kwamba fundi asiyeweza kurudia kazi yake mwenyewe, basi kazi hiyo hakuifanya yeye. Nilimkasirikia kutwa nzima, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Rangi nyeusi iliyo kwenye gitaa hiyo si yangu. Ni ya mama mkwe wangu. Alinipa, nikaitumia, nikasifiwa, na aliponiita niende nijifunze kuipika, sikwenda. Nilikuwa na miaka mitano ya kwenda. Kutoka Kitale hadi kwao, mbele kidogo ya Sirisia upande wa Bungoma, ukiondoka baada ya chai unafika kabla ya chakula cha mchana. Kulikuwa na barabara, nilikuwa na nauli na afya. Sikwenda.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanadhani gitaa hupakwa rangi kama mlango. Mimi natengeneza magitaa ya umeme, yale ya bendi za makanisa na za harusi, na uso wa gitaa naukata kwenye mgrevilea. Mti huu kila shamba la Trans-Nzoia linao mpakani, na kila mtu anaujua kama kuni. Lakini ukipata ule ulioota kwenye mteremko ukakua umeegemea upande mmoja, sehemu ya chini ya shina huwa imejikunja ndani kwa ndani. Ukiupasua na kuupiga randa unaona mawimbi. Si michoro ya juu juu. Ukiinamisha ubao kwenye mwanga, mawimbi yanahama, na ukiurudisha yanarudi. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na bado nikipata ubao wa namna hiyo huwa nauchezesha dirishani kama mtoto.

Sasa mawimbi hayo yakiachwa hivyo hivyo, mtu aliye mbali hayaoni. Ndiyo maana tunayapaka rangi. Unaupiga ubao msasa mpaka ulainike. Unaulowesha kidogo ili nyuzi za mbao zisimame, zikikauka unazikata kwa msasa tena. Halafu unapaka nyeusi kotekote, na ubao mzuri unageuka kama uliookolewa kwenye nyumba iliyoungua. Ikikauka unarudi na msasa, mkono mwepesi, na nyeusi inaondoka juu lakini inabaki mle ndani ya mawimbi, mahali ambapo mbao ilikunywa zaidi. Hapo ndipo unapopaka rangi ya pili, ya asali au ya buluu, na mawimbi yanainuka hata aliye nyuma kabisa kanisani anayaona.

Shida yangu ilikuwa kwenye hiyo rangi ya pili. Nyeusi ya dukani inachanganywa na spiriti, na rangi ya asali nayo ni ya spiriti. Nilipopitisha kitambaa cha asali, nyeusi iliamka na kutembea. Uso wote ukawa wa rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Nilijaribu nyeusi za maduka ya Kitale na za Eldoret, nikaagiza nyingine Nairobi. Niliharibu mbao tano nzuri. Nyumbani nilikuwa sisemeshwi, na mke wangu, ambaye ni mwalimu na anajua kumwacha mtoto mkaidi alie mpaka achoke, aliniacha.

Siku moja alinyeshewa akitoka sokoni. Kwenye kikapu alikuwa ameweka mashati meupe ya shule ya watoto. Kikapu chenyewe kilikuwa cha mkonge, chenye mistari myekundu na myeusi. Alipoyatoa mashati, nyekundu ilikuwa imepaka kola zote. Nyeusi haikuwa imetoka hata tone.

"Hii nyeusi ni ya duka gani?" nikamuuliza.

"Nyekundu ndiyo ya duka," akasema. "Hiyo nyeusi ni ya mama."

Mama mkwe alikuwa akisuka vikapu tangu usichana wake, na nyeusi yake aliipika mwenyewe kwa gome la mti na matope ya chemchemi iliyo chini ya boma lao. Mabinti zake hawakuitaka kazi hiyo. Walisoma, wakaolewa, wakaajiriwa. Nyeusi ilikuwa imebaki kwake peke yake.

Mtu mwingine angesema, haya, ni mama ya mke wako, nenda umuulize. Lakini kwao mambo hayaendi hivyo. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama ya mkewe wana heshima kubwa kati yao. Hawashikani mkono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia na kutazama kando. Siku ya harusi yetu nilimwona kwa mbali, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi, akipita nyuma ya hema. Heshima hii si ya milele. Watoto wakishazaliwa, mkwe anapeleka mbuzi na blanketi, wazee wa nyumba wanasema maneno yao, mnasalimiana kwa mkono, na kuanzia hapo mnaweza kuketi mkaongea. Wakwe wenzangu wote walifanya hivyo mapema. Mimi nilikuwa nasema mwakani.

Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya, na nyumbani kwetu tulikuwa watu wa kanisa na shamba, tukijiona tumeshapita mambo ya kukwepana vichakani. Nilikuwa nayacheka. Nilimwambia mke wangu mara nyingi kwamba mimi ni mtu wa dini na kazi, sina muda wa kupeleka mbuzi ili nipewe ruhusa ya kusema hujambo. Kumbe nilikuwa naidharau mila hiyo kila mahali isipokuwa pale iliponisaidia kukaa nyumbani. Nikialikwa, ghafla nakuwa mtu wa heshima: "Lakini si ni mwiko mimi kufika?"

Na kulikuwa na kinyongo. Siku ya kujadili mahari, mjomba mmoja aliniuliza nafanya nini. Nikasema natengeneza magitaa. Akauliza, "Sawa, na kazi?" Watu wakacheka, na nyuma ya ukuta, jikoni, nikasikia mwanamke akicheka kuliko wote. Niliamua ni mama mkwe. Sikumuuliza mtu. Niliamua tu, nikaweka moyoni, nikakaa nalo miaka.

Tulikuwa na njia ya kuongea hata hivyo, nayo ilikuwa simu ya mke wangu. Jioni baada ya chakula alimpigia mama yake, akaweka simu mezani ili mikono yake iendelee kusahihisha madaftari. Walizungumza Kibukusu, mimi nikiambulia neno moja moja. Lakini mama mkwe alipotaka nisikie, aliingia Kiswahili, akiendelea kusema na binti yake kana kwamba mimi sipo. Nami nikijibu nilimwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha. Watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa, na wa tatu katikati akirudia kila neno. Mwanzoni niliona ni kichekesho. Baadaye niliyazoea mazungumzo hayo, na sitaficha, niliyapenda.

Mke wangu alipomweleza habari ya mbao zangu, Kiswahili kikaja.

"Mwambie hiyo mbao iko na njaa. Ati mtu anaweka langi kwa mbao iko na njaa? Kwanza inywe gome, ishibe. Ndio matope ikuje."

"Mwambie mimi natengeneza gitaa, si kikapu," nikasema.

"Anasema ni gitaa, si kikapu."

"Nimesikia. Mwambie yote ni kitu ya kubebwa."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Wiki mbili baadaye alirudi kutoka kwao na dumu la maji ya gome, mekundu kama divai ya kanisani, na kopo la maziwa ya unga lililojaa matope meusi yenye utandu wa kutu juu. Yalinuka kama bwawa lililokauka. Maagizo yalikuwa machache: ubao ulowe kwenye gome siku mbili, ukauke kivulini, upakwe matope, ufungwe kwa majani ya mgomba, ufunguliwe kesho yake.

Nilifanya hivyo nikijicheka. Kufungua, nikaosha matope, na ubao ulikuwa mweusi wa ajabu, mweusi uliotulia, usiong'aa. Nikapiga msasa. Mawimbi yakabaki na nyeusi yao, membamba na safi. Nikachukua kitambaa cha asali, nikapitisha mara moja, nikapitisha tena. Nyeusi haikusogea. Nilipiga kelele hata jirani yangu, fundi wa kuchomelea milango, akaja mbio akidhani nimejikata.

Gitaa hiyo ilinunuliwa na bendi ya kanisa moja la Webuye. Siku walipokuja kuichukua, kiongozi wao aliizungusha mikononi, akaniuliza nimeipataje rangi ile. Mke wangu alikuwa amesimama pale mlangoni, ameniletea chai. Nikasema, "Hiyo ni siri ya fundi. Nimeitafuta miaka mingi." Kweli niliitafuta miaka mingi. Mke wangu aliweka chai juu ya meza ya kazi, akaenda zake, na jioni ile hakumpigia mama yake.

Kesho yake alipompigia, hakumwambia nilichosema. Alimwambia tu gitaa imetoka vizuri. Mama mkwe akafurahi.

"Sasa mwambie akuje aone," alisema. "Hii haielezwi kwa simu. Unatoa kwa matope ukiangalia na macho. Ikikaa sana inakula uzi, ikikaa kidogo inakuwa kijivu. Na gome ni ya mti iko mbili zinafanana, lazima nimwonyeshe. Akuje na ile mbuzi, si amekawia?"

"Mwambie nitakuja nikimaliza kazi za watu," nikasema.

"Mwambie kazi ya watu haiishi."

Waswahili walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilitaka niletewe cha mvunguni nikiwa nimesimama. Na nililetewa. Kila rangi ilipokaribia kuisha, mke wangu alisema kwao, na dumu lilikuja na kopo lake, na mara nyingine mkungu wa ndizi juu yake. Mwaka wa kwanza nilisema mahindi yako shambani, tutaenda tukivuna. Tulivuna, nikasema barabara ni matope. Barabara ilikauka, nikasema kuna gitaa ya harusi inangojewa. Kila jioni sauti ile iliuliza kama mkwe amekula, kama kifua chake kimepona vumbi la msasa, kama ile mbao ya mwisho ilishiba. Aliyajua magitaa yangu yote bila kuyaona. Alinishauri nisiloweshe ubao mwezi wa Julai kwa sababu baridi ya Kitale inachelewesha gome. Nilipomsikiliza kazi ilitoka safi. Nilipopuuza, nilirudia.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya mbuzi. Katika miaka ile mitano sikuwahi kumwambia mteja hata mmoja kwamba nyeusi ni ya mwanamke mzee wa Bungoma. Ingenipunguzia nini? Ningekuwa nimemtaja tu.

Kisha nikapata ubao ambao sijawahi kupata mwingine. Mwenye shamba mmoja karibu na Kitale alikata mgrevilea uliokuwa umelalia kisima, akaniita nichague kabla hajapasua kuni. Shina lake lilikuwa na mawimbi ya karibu karibu, kama mchanga uliopitiwa na maji. Niliupasua katikati, nikauweka miaka miwili kwenye dari ya karakana ukauke polepole. Nilipoushusha, nikazifungua zile mbao mbili ubavu kwa ubavu kama kurasa za kitabu, mawimbi yakakutana katikati. Niliziunga kwa gundi, nikasubiri rangi.

Dumu likaja. Nikaulowesha ubao kwenye gome siku mbili. Nikaona maji hayana wekundu ule, lakini nilikuwa na haraka. Nikapaka matope, nikafunga majani. Nilipofungua, ubao ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Matope hayakuwa ya chemchemi. Yalikuwa udongo wa shamba, wenye changarawe, na nilipoyafuta changarawe zilichora uso wote wa ubao, ndani kabisa, mahali ambapo msasa haufiki bila kuyamaliza mawimbi yenyewe.

Nikausimamisha ubao ukutani, nikaketi mbele yake. Halafu nikaanza kufikiri, na mtu mwenye hasira akianza kufikiri ni hatari. Nikajiambia mama mkwe amechoka kunitumia bure. Amenitumia mbovu makusudi ili nilazimike kwenda na mbuzi. Nikakumbuka kicheko kile cha nyuma ya ukuta. Mambo yote yakakaa sawasawa kama mbao zilizorandwa, na hakuna hata moja lililokuwa kweli.

Jioni simu iliwekwa mezani kama kawaida. Sikungoja Kiswahili kije.

"Mwambie mama yako," nikasema kwa sauti kubwa, "kama hataki kunifundisha aseme. Asinitumie maji ya chai na udongo wa kupandia viazi. Ameniharibia ubao wa maisha yangu."

Mke wangu alinyanyua uso akanitazama. Hakurudia. Kwa mara ya kwanza hakurudia, na hakukuwa na haja, maana simu ilikuwa imesikia. Upande wa pili kulikuwa na kuku na redio ya jirani. Kisha sauti ikaja, ndogo.

"Mwambie mkwe nimekosea. Nitapika tena."

"Mama, achana na yeye," mke wangu akasema.

"Hapana. Nitapika tena."

Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza, bado nimechemka, nikijiona mtu aliyedai haki yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nayasema haya kwa sababu hakuna mwingine aliyeyaona isipokuwa mke wangu, na yeye hatayasema.

Dumu halikuja. Mwezi ukapita, na wa pili. Mama mkwe bado alipokea simu, lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha, wanaongea Kibukusu tu, na mimi niliona ni kununa. Mke wangu alisema mama yake anauliza jambo moja mara tatu, kama mahindi yamepukuchuliwa, na akijibiwa anauliza tena. Nikasema ni uzee tu, hata mama yangu anauliza mara mbili. Sasa najua kwamba alikuwa akiuliza hivyo tangu kabla ya lile dumu bovu. Tulisikia sote pale mezani. Hakuna aliyesikiliza.

Shule zilipofungwa mke wangu alienda kwao wiki moja. Aliporudi hakuvua hata koti. Aliketi kwenye kiti cha karakana, mahali ambapo huwa haketi kwa sababu ya vumbi, akaniambia alichokikuta. Alimkuta mama yake jikoni, mafiga hayana moto, sufuria kubwa imejaa maji baridi, na ndani yake magome ya kila mti uliopo bomani, ya mwembe, ya mparachichi, ya mkaratusi, na yeye anayakoroga. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu anayeishi na mama boma moja, alisema mama amekuwa hivyo kwa miezi. Anashuka chemchemini anarudi na matope mkononi, akifika hajui ni ya nini, anayapaka ukutani. Anapeta udongo wa shamba kwa ungo. Walikuwa wamempeleka kwa daktari Bungoma, akasema ni ubongo unaochakaa, na kwamba haukuanza juzi.

"Lakini anapika kila siku," mke wangu akasema. "Tangu siku ile. Wanamwondolea sufuria, anatafuta nyingine. Wakimuuliza, anasema ni ya mkwe."

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja yakaketi nami palepale, kwenye vumbi, na ule ubao wa chai ukiwa umesimama ukutani mbele yangu.

Jumamosi iliyofuata nilinunua mbuzi. Nilinunua blanketi zito kuliko yote niliyoyaona Kitale. Kila kitu nilichokuwa nimekiita kizito kwa miaka kilichukua asubuhi moja. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilijua hatanifundisha tena kupika nyeusi, hilo nilishalikubali, au nilidhani nimelikubali. Nilitaka kitu kimoja tu: nimshike mkono, nimtazame usoni, nimwambie kwamba kosa halikuwa lake.

Shemeji alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Wazee wawili wa nyumba waliitwa. Mbuzi alitazamwa, akasifiwa kwa adabu, na mmoja akanitania, "Huyu mbuzi amezeeka kwa njia, bana. Tulikuwa tunamngoja akiwa mtoto." Wote wakacheka, na nikacheka, nikaona kumbe kicheko cha nyumba ile hakikuwa na sumu. Kisha shemeji akasema maneno yanayosemwa, kwamba kuanzia leo huyu ni mtoto wa nyumba hii, hakuna tena kukwepana, mama na mwanawe washikane mkono.

Mke wangu alimtoa mama yake ndani akimshika kiwiko. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alitembea vizuri, amevaa viatu vya plastiki, na vidole vyake vilikuwa bado na weusi kwenye mikunjo, weusi usiotoka kwa sabuni, ambao ningeujua popote. Nikasimama. Nikanyoosha mkono.

Aliutazama mkono wangu. Akauliza kitu kwa Kibukusu, na shemeji akamjibu, nikasikia neno la mkwe. Hapo akashtuka. Alivuta leso mpaka ikafunika uso wote, akageuka upesi kama mtu aliyekutwa mahali pasipostahili, akasimama akielekea ukuta. Mke wangu alimwambia imekwisha, mama, mbuzi ameletwa, mnaweza kusalimiana. Shemeji akamwambia. Wazee wakamwambia. Akawa anatikisa kichwa ndani ya leso. Watoto wake alikuwa akiwachanganya majina, alikuwa hajui ni mwaka gani wala kama amekula, lakini namna ya kumheshimu mkwe aliijua vilevile kama siku ya harusi, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia kwamba haihitajiki tena.

Waliniletea kiti. Nikaketi hatua mbili kutoka kwake, yeye akaketishwa kwenye kigoda, uso ukutani.

"Mwambie," nikamwambia mke wangu. "Mwambie ubao haukuharibika. Mwambie mimi ndiye niliyekosea."

Mke wangu alichuchumaa karibu na leso ile, akamwambia kwa Kibukusu, polepole, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikie amesema yote. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka mkono juu ya mkono wa binti yake, akaingia Kiswahili.

"Mwambie mkwe asikasirike," alisema. "Nitapika tena."